Katibu na Mwanachama Aliyekata Tamaa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi katika semina ya mafunzo. Yanachapishwa hapa ili yasomwe pia na wanachama ambao hawakuhudhuria.)



Katika semina za ushirika huzungumzwa mizani, stakabadhi, makato na ukaguzi wa vitabu. Ni haki mambo hayo yazungumzwe, kwa maana chama kisichojua hesabu zake hakina maisha marefu. Lakini liko jambo moja ambalo halijapata kuandikwa katika ajenda za vyama vingi, ingawa kila Katibu aliyekaa ofisini misimu mingi huenda amekwisha kulikuta. Jambo lenyewe ni mwanachama anayejiua, au anayefika ukingoni mwa kujiua, na chama kisijue la kufanya. Habari zake husemwa kwa sauti ya chini baada ya mazishi. Ukurasa wake katika daftari hufungwa, deni lake huhamishwa, na mkutano unaofuata huendelea na shughuli zake kana kwamba halikutokea neno.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo hutumika sana juu ya homa na vidonda, lakini huzuni iliyozidi na kukata tamaa navyo ni maradhi, na hayo ndiyo yanayofichwa kuliko yote.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu kwa wingi wa vifo. Kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili ni la Wazungu, au la watu wa mijini waliosoma sana. Lipo vijijini, kwenye mashamba, na limo katika madaftari ya wanachama.

Kwa nini basi lizungumzwe na watu wa ushirika badala ya kuachiwa waganga peke yao? Mfano ufuatao utajibu. Jina la chama na majina ya watu hayatajwi, kwa kuwa heshima ya wafiwa ni kubwa kuliko faida ya kuwataja.

Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku alikuwako mwanachama mmoja mtu mzima, mkulima hodari, ambaye kwa miaka mingi hakupata kudaiwa hata senti. Msimu mmoja bani lake la kukaushia tumbaku liliungua usiku, likateketea pamoja na majani yote yaliyokuwa ndani. Mkopo wa pembejeo ukabaki pale pale. Kwa kuwa wanachama wa kikundi hudhaminiana, makato ya deni lake yakawaangukia jirani zake. Katika mkutano mkuu majina ya wadaiwa yalisomwa mbele ya watu wote, na la kwake likasomwa la tatu. Wapo waliocheka.

Wiki iliyofuata mzee yule alifika ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza deni lake ni kiasi gani, ingawa alikwisha kuambiwa. Mara ya pili alirudisha bomba la kunyunyizia dawa alilokuwa ameazima chamani, limeoshwa na kufutwa vizuri. Mara ya tatu aliomba daftari la wanachama lifunguliwe ili abadilishe jina la mrithi wake. Alipokwisha kutia sahihi alisema, "Katibu, nimechoka. Karibu mtapumzika na deni langu."

Katibu alijibu, "Mungu atasaidia, mzee," akaendelea kuandika.

Siku ya nne mwanachama yule alizikwa.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alidhani mzee anatengeneza mambo yake kwa uaminifu kama ilivyokuwa desturi yake. Ni baada ya mazishi tu ndipo alipokaa mbele ya daftari lile na kuona kwamba yale mambo matatu yalikuwa maneno ya mtu anayeaga. Alisema baadaye mbele ya bodi kwamba alikuwa na ufunguo wa ghala na daftari la madeni, lakini hakuwa amejua kuuliza.

Msimu uliofuata mwanachama mwingine, kijana aliyekuwa na mkopo wa pikipiki, alifika ofisini saa za jioni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu uketi."

Kijana hakuketi. Aliweka mezani kadi ya pikipiki akasema kwamba lolote likitokea apewe mdogo wake. Katibu alifunga daftari, akamwambia karani aende nyumbani, akavuta kiti karibu.

"Mwanangu," alisema, "nakuuliza neno zito, nawe usinionee haya. Je, umekuwa ukiwaza kujiua?"

Kijana alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Ndiyo, Katibu. Tangu juzi." Akaketi, akalia.

Katibu hakumkemea wala hakumhubiria. Hakumwambia kwamba wako wenye shida kubwa kuliko yake. Alimwacha aseme, naye akasikiliza. Kisha akamwuliza mambo mawili: ni nani mwingine ajuaye habari hiyo, na je, nyumbani kwake mna kitu alichofikiria kujidhuru nacho? Kijana alijibu kwamba hakuna ajuaye, na kwamba kitu hicho kipo. Katibu akamwomba ruhusa amwite mjomba wake. Usiku ule ule wakaenda wote watatu, wakaondoa sumu za shambani zilizokuwamo nyumbani na kuzifungia katika ghala la chama. Mjomba akalala chumba kimoja na mpwa wake. Asubuhi wakampeleka kituo cha afya, na kutoka huko akaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, ambako alionekana kuwa ana ugonjwa wa sonona.

Deni lake halikufutwa. Bodi ililipanga upya kwa misimu mitatu, kama masharti ya chama yanavyoruhusu. Kijana yule hakupona kwa siku moja. Aliendelea kuhudhuria kliniki, na zilikuwapo siku ambazo mjomba wake alirudi kulala kwake. Lakini msimu wa pili baada ya hapo alisimama kwenye mizani na marobota yake kama wenzake.

Tofauti ya habari hizi mbili haitoki katika uzito wa madeni, kwa kuwa wote wawili walidaiwa. Katibu naye alikuwa yule yule. Kilichoongezeka mara ya pili ni swali lililoulizwa waziwazi na mtu aliyekuwa tayari kungoja jibu.

Hapa ni lazima kosa moja lisahihishwe. Wengi huamini kwamba kumwuliza mtu habari za kujiua ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Uchunguzi wa wataalamu wa afya ya akili umeonyesha kuwa swali la namna hiyo, likiulizwa kwa upole, halileti wazo la kujiua. Mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa ameonekana. Kosa la pili ni kudhani kwamba asemaye hatendi. Watu wengi waliojiua walikuwa wamedokeza kabla yake, wengine kwa maneno na wengine kwa matendo. Anayesema kwamba amechoka na maisha, au kwamba watu watapumzika naye, asidhaniwe kuwa anatafuta huruma.

Dalili ambazo Katibu anaweza kuziona ofisini mwake ni hizi. Mwanachama anayegawa mali yake au kurudisha vitu vya watu bila sababu. Anayebadilisha mrithi ghafla baada ya msiba, hasara au fedheha. Aliyeacha kuhudhuria mikutano na kukaa na wenzake. Aliyeanza kunywa pombe kupita kawaida yake. Asiyelala, asiyekula, asiyejali tena shamba lililokuwa fahari yake. Na yule aliyekuwa na huzuni nyingi kwa muda mrefu, kisha akatulia kwa ghafla bila shida yake kutatuliwa. Dalili moja peke yake huenda isiwe kitu, kwani watu hubadilisha warithi kila mwaka. Lakini zikikutana mbili au tatu, hapana budi kuuliza.

Yuko atakayesema kwamba Katibu si mganga. Ni kweli, wala haombwi kutibu. Lakini habari za Zimbabwe zinafundisha kuwa mtu asiye mganga anaweza kufanya mengi. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili mjini Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua mwaka 2005; familia ya mgonjwa huyo haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wachache mno wa aina yake. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza kuwafundisha akina mama wazee 14 namna ya kuketi na mtu mwenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua shida moja ya kuanza nayo. Wazee wale hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili hulielewa mara moja, kwa kuwa naye husema, "Ana mawazo."

Kazi yao ilipimwa kwa utafiti wa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya wale walioketi na akina mama wazee, waliobaki na dalili hizo walikuwa kama 14 katika kila 100. Benchi la ofisi ya chama cha ushirika halina upungufu wowote kuliko benchi la Mbare, ila anatakiwa mtu aliyefundishwa kuketi juu yake.

Jambo la pili linalohusu ushirika moja kwa moja ni ghala. Vijijini, sumu za shambani ni miongoni mwa vitu vinavyoua watu wengi katika saa ya kukata tamaa, na wengi wa wanachama hununua sumu hizo kwenye chama chao. Nchi ya Sri Lanka, yenye wakulima wengi wa mpunga na chai, ilipata msiba mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1995 watu wapatao 47 katika kila 100,000 walijiua. Serikali yake ilipiga marufuku, hatua kwa hatua, dawa zilizo hatari mno kwa uhai wa binadamu. Katika muda wa miaka ishirini idadi ya wanaojiua ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili, na wataalamu walikadiria kuwa watu wapatao 93,000 waliokolewa. Wachunguzi hawakuona kuwa mavuno yalipungua kwa sababu ya marufuku hayo.

Somo lake ni kwamba saa ya hatari huwa fupi. Mtu akiivuka saa hiyo bila kitu cha kuua kuwa karibu naye, mara nyingi huishi, na wengi wa waliookoka hawafi baadaye kwa kujiua. Iko pia tahadhari kutoka nchi hiyo hiyo. Utafiti uliofanywa katika vijiji 180, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kugawa masanduku ya kufuli majumbani peke yake hakukupunguza idadi ya waliokunywa sumu. Kufuli ni jema kwa ajili ya watoto, lakini lisidhaniwe kuwa limemaliza kazi. Lenye nguvu zaidi ni kuamua ni dawa gani inunuliwe tangu mwanzo. Hapo ndipo Chama Kikuu kina uwezo ambao mkulima mmoja hana. Kinapoagiza viuatilifu kwa ajili ya vyama vyote, kiulize kwa mabwana shamba na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ni dawa ipi inayofanya kazi hiyo hiyo kwa hatari ndogo zaidi kwa binadamu.

Kutokana na hayo, vyama vya msingi vinaombwa kutafakari mambo matano.

Kwanza, aibu isitumike kudai madeni. Taarifa ya madeni itolewe katika mkutano kwa jumla yake, na habari za mdaiwa mmoja mmoja zishughulikiwe na bodi pamoja na mwenyewe. Mwanachama anayeshindwa kulipa kwa sababu ya moto, mvua ya mawe au ugonjwa aitwe mapema na kuelezwa njia za kupanga deni upya. Wengi hukata tamaa kwa kuwa hawajui kwamba njia hizo zipo.

Pili, ghala la sumu liwe na mtu mmoja anayewajibika. Dawa zisiuzwe kwa mtu aliyelewa, wala kwa mtu aliye katika taharuki, wala zisimiminwe katika chupa za soda. Mwanachama auziwe kiasi kinachotosha shamba lake, asikae na akiba nyumbani.

Tatu, Katibu ajue njia kabla ya siku ya haja. Aandike mahali panapoonekana jina la kituo cha afya kilicho karibu, mganga anayehusika, na namna ya kupata usafiri usiku. Kwa shida kubwa zaidi ziko hospitali za wilaya na za mikoa, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe mjini Dodoma. Mfuko wa jamii wa chama uweke nauli kwa ajili hiyo. Huko si kutapanya fedha za wanachama. Kujali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mwaka 1995.

Nne, siri ihifadhiwe, lakini isihifadhiwe hadi ikaua. Habari aliyoisema mwanachama ofisini isifike kilabuni wala sokoni. Hata hivyo, Katibu asiahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Amwambie mwenzake kwa ukweli kwamba jambo hili linahitaji watu wawili watatu wa kuaminika, nao wachague pamoja ni nani. Mtu aliye katika hatari asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Naye Katibu, akisha kumfikisha mwenzake mahali pa usalama, apate wa kuzungumza naye, kwa kuwa mizigo ya namna hii humchosha anayeibeba.

Tano, aliyeokoka na waliofiwa wasitengwe. Aliyejaribu kujiua akarudi kutoka hospitali apokewe mkutanoni kama aliyerudi kutoka ugonjwa mwingine wowote. Wapo wanaomficha mgonjwa wa namna hiyo kwa kuogopa sheria. Uingereza, ambayo sheria yake ya zamani ilirithiwa na nchi nyingi ilizozitawala, iliacha kumhesabu mtu huyo kuwa mhalifu tangu mwaka 1961, na Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo katika nchi yake kinapingana na Katiba. Hata pale ambapo kifungu hicho kingalipo, kazi ya kwanza ya jirani ni kumfikisha mgonjwa kwa mganga. Kadhalika mjane na watoto wa aliyejiua wasiulizwe kwenye matanga walikosea wapi. Wao wanajiuliza swali hilo kila usiku.

Viongozi wa dini nao washirikishwe. Shehe, padri au mchungaji anayejua habari hizi anaweza kumwonyesha mtu huruma ya Mungu na njia ya hospitali kwa pamoja, bila ya kimoja kukipinga kingine.

Ndugu Makatibu, wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulioko kichwani mwa mtu mwingine huonekana mwepesi siku zote, mpaka atakapoulizwa uzito wake. Mashine ya hesabu haiwezi kumwuliza, wala simu inayopokea malipo ya mazao. Anayeweza ni yule ambaye mwanachama humletea stakabadhi zake, naye anamjua kwa jina, anajua shamba lake, anajua na mwaka ambao bani lake liliungua.

Kila Katibu atakaporejea chamani kwake afungue daftari la wanachama, ukurasa kwa ukurasa, atafute jina la yule ambaye hajaonekana tangu mvua zilipoanza. Kesho yake ampitie nyumbani, na asichukue kitabu cha madeni.